Katalogi ya huduma katika kompyuta ya wingu: idhini inayotolewa kabla ya ombi

Mhasibu wa kampuni ya uwakala wa forodha mjini Mombasa anapofungua ankara ya mwezi kutoka kwa mtoa huduma za wingu, yaani kampuni inayokodisha kompyuta zake kupitia mtandao, hukutana na mistari mingi yenye majina ya seva, diski na anwani za mtandao, kila mmoja na bei yake kwa dola. Mara nyingi hakuna mstari unaomweleza ni nani aliyeomba kitu hicho, kilikusudiwa kazi gani, wala kama bado kinahitajika. Akiuliza idara ya teknolojia, huenda akaambiwa kwamba baadhi ya seva hizo ziliwashwa na mtu aliyekwisha kuacha kazi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika kompyuta ya wingu hasara hiyo ni mara mbili, kwa kuwa mali iliyopotea huendelea kulipiwa.

Makala haya yanaeleza chombo kilichobuniwa kukabiliana na tatizo hilo na mengine yanayoandamana nalo, yaani katalogi ya huduma: mahali ambapo mfanyakazi hujichagulia huduma za wingu ambazo shirika limekwisha kuziidhinisha. Chombo chenyewe hakina ugumu mkubwa, lakini mazungumzo juu yake yamejaa mkanganyiko, kwanza kwa sababu jina moja limepewa vitu kadhaa tofauti, na pili kwa sababu wengi huichukulia kuwa orodha tu. Nionavyo mimi, kuorodhesha ni sehemu yake ndogo kabisa. Kazi yake kubwa ni kuyamaliza maswali ya gharama, usalama, sheria na uwajibikaji mara moja, kwa mikono ya watu wenye ujuzi wa kuyajibu, kabla ombi la kwanza halijafika.

Sifa mbili zinazovutana

Ufafanuzi wa kompyuta ya wingu unaonukuliwa zaidi ni ule uliotolewa Septemba 2011 na NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani. Hati hiyo fupi inataja sifa tano: mtumiaji kujihudumia mwenyewe bila kumsubiri mfanyakazi wa mtoa huduma, huduma kufikiwa kupitia mtandao kwa vifaa vya aina mbalimbali, rasilimali za mtoa huduma kugawanywa miongoni mwa wateja wengi, uwezo kupanuliwa na kupunguzwa kwa haraka, na matumizi kupimwa. Sifa ya kwanza na ya tano ndizo zinazotuhusu hapa. Kujihudumia humpa fundi uhuru mkubwa, na kupimwa kwa matumizi humaanisha kwamba kila anapoutumia uhuru huo kuna mtu atakayelipa.

Zamani seva ilinunuliwa. Ombi liliandikwa, likapita kwa meneja, kisha kwa mhasibu, kisha kwa msambazaji, na wiki au miezi baadaye mashine ikawekwa katika chumba chenye kiyoyozi. Utaratibu huo uliwachosha watu, lakini ndani yake mlikuwa na vituo vya ukaguzi ambavyo hakuna aliyevitambua kuwa ukaguzi: mtu fulani aliuliza bei, mwingine akauliza mashine itakaa wapi, na mwingine akaiandika kwenye rejista ya mali. Kwetu pwani hali ilianza kubadilika mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa, zikifuatwa na EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo mawasiliano ya Kenya na nchi za nje yalitegemea satelaiti, yenye gharama kubwa na ucheleweshaji mrefu, na kuendesha kazi ya kila siku ya ofisi kwenye seva iliyoko bara jingine halikuwa jambo la kufikiriwa. Leo fundi aliyeketi Nyali anaweza kuwasha seva iliyoko Cape Town kwa dakika chache, na katika dakika hizo vituo vyote vya ukaguzi vya zamani vimerukwa kwa pamoja.

Mashirika hulijibu jambo hili kwa njia mbili zilizo rahisi kuziona, na zote mbili zina madhara. Ya kwanza ni kumwachia kila fundi aunde anachotaka, kisha kushughulika na ankara na matundu ya usalama baadaye. Ya pili ni kuirudisha foleni ya zamani kwa mlango wa nyuma: kila ombi liandikwe kwa barua pepe, lisubiri kikao, lisubiri sahihi. Njia hii ya pili huonekana kuwa ya busara, lakini inauharibu ubora wenyewe uliofanya wingu lichaguliwe, na tena huwasukuma wafanyakazi kutafuta njia za panya. Idara iliyochoka kusubiri hufungua akaunti yake pembeni, huilipia kwa kadi ya mtu binafsi, na hatimaye data za wateja hukaa mahali ambapo shirika halina habari napo. Katalogi ya huduma ni jaribio la kutoka katika mtego huo: uhuru wa kujihudumia ubaki, lakini ndani ya mipaka iliyokwisha kupimwa.

Jina moja, vitu vinne

Kabla ya kuendelea ni lazima tutenganishe vitu vinavyoitwa kwa jina hili, maana nimeona mikutano ambayo watu wawili wanabishana saa nzima juu ya katalogi huku kila mmoja akizungumzia kitu kingine.

Kitu cha kwanza ni orodha ya mtoa huduma mwenyewe. AWS, yaani huduma za wingu za kampuni ya Amazon, pekee inasema ina huduma zaidi ya 200, kuanzia hifadhi ya mafaili hadi zana za akili bandia. Hiyo ni bidhaa iliyo sokoni. Haijui chochote kuhusu shirika lako, bajeti yako wala sheria zinazokubana, na kumkabidhi mfanyakazi orodha nzima si sawa na kumpa huduma.

Cha pili kina asili nje ya wingu kabisa. Katika miaka ya 1980, wakala wa serikali ya Uingereza ulioshughulikia kompyuta na mawasiliano ulianza kukusanya miongozo ya kusimamia huduma za teknolojia, na mkusanyiko huo ukajulikana kama ITIL. Toleo lake la tatu, la mwaka 2007, liliweka wazi kwamba shirika lina jumla ya huduma zenye sehemu tatu: zinazoandaliwa, zinazotolewa sasa, na zilizostaafishwa. Katalogi ni ile sehemu ya kati. Msomaji wa Kenya hahitaji kwenda mbali kuielewa, kwa sababu ameiona ukutani katika ofisi nyingi za serikali: mkataba wa huduma kwa wananchi, ule ubao wenye safu za huduma, mahitaji, ada na muda. Ubao huo unamwambia mwananchi anachoweza kudai, alete nini, alipe kiasi gani na asubiri hadi lini. Katalogi ya ITIL inafanya vivyo hivyo kwa wafanyakazi wa shirika wanaohitaji barua pepe, kompyuta ya mkononi au ruhusa ya kuingia kwenye mfumo fulani.

Cha tatu ndicho kinachotuhusu hasa: katalogi ya kujihudumia katika wingu. Hii inauchukua ule ubao na kuuongezea kitu ambacho ubao hauna, yaani utekelezaji. Mtu anapochagua huduma, hakuna karani anayelipokea ombi na kwenda kulifanyia kazi. Programu yenyewe huunda seva, huiunganisha na mtandao, huipa ulinzi na kumpelekea mwombaji anwani yake. AWS ilifungua huduma ya aina hii mwaka 2015 kwa jina la AWS Service Catalog, na Microsoft na Google nao wana njia zao za kuwawezesha wateja kufanya hivyo. Ahadi na utekelezaji vimekaa mahali pamoja, na hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote.

Cha nne ni kipya zaidi na huchanganywa sana na cha tatu. Spotify ilitoa hadharani mwaka 2020 programu huria iitwayo Backstage, ambayo kiini chake ni katalogi ya programu zilizopo tayari ndani ya shirika: kila programu ni ya kikosi gani, inategemea nini, maelezo yake yako wapi. Kwa ufupi, katalogi ya tatu inajibu swali la mtu anayetaka kitu kipya, na ya nne inajibu swali la mtu aliyekikuta kitu na hajui ni cha nani. Shirika lililokomaa huziunganisha, ili kila kilichoundwa kupitia ya tatu kijiandikishe chenyewe katika ya nne.

Ndani ya ingizo moja

Tuichukue huduma moja na kuitazama kwa karibu. Tuseme ile kampuni ya uwakala wa forodha ina mfumo wa kufuatilia mizigo: makontena yaliyoshushwa Kilindini, hati za kila mteja, na siku ambayo muda wa kuhifadhiwa mzigo bila malipo unakwisha. Wahandisi wake wa programu wanahitaji hifadhidata ya kujaribia marekebisho kabla ya kuyaingiza katika mfumo unaotumiwa na wateja.

Katika katalogi, ingizo hilo, yaani huduma moja iliyoorodheshwa humo, halitaitwa kwa jina la mashine wala kwa namba ya toleo. Litaitwa kwa lugha ya kazi: hifadhidata ya majaribio kwa mfumo wa mizigo. Chini ya jina pana aya moja inayosema inafaa kwa nini na haifai kwa nini, na humo imeelezwa waziwazi kwamba data halisi za wateja haziruhusiwi. Kisha panafuata kikosi kinachoimiliki na saa ambazo kinapatikana, muda ambao mwombaji atasubiri, makadirio ya gharama kwa mwezi, na tarehe ambayo hifadhidata itazimwa yenyewe isipoombewa nyongeza. Mwombaji huulizwa maswali machache tu: ukubwa mdogo au wa kati, mradi gani kati ya miradi iliyosajiliwa, siku 14 au 30. Akimaliza hapo amemaliza.

Asichokiona ndicho chenye uzito. Nyuma ya ingizo kuna kiolezo, yaani faili la maandishi linaloeleza kwa ukamilifu kila kitu kitakachoundwa, lililoandikwa kwa zana kama CloudFormation ya AWS, iliyoanza mwaka 2011, au Terraform ya HashiCorp, iliyotoka mwaka 2014. Kiolezo hicho kimekwisha kuamua hifadhidata itakaa katika kituo gani cha data. Kwamba itakuwa ndani ya mtandao wa faragha usiofikiwa moja kwa moja kutoka intaneti. Kwamba diski zake zitasimbwa kwa njia fiche. Kwamba nakala rudufu itachukuliwa kila siku na kutunzwa kwa wiki moja. Na kwamba kila kitu kilichoundwa kitabandikwa lebo zenye jina la mradi, mwombaji, fungu la bajeti na tarehe ya kwisha. Kwa lebo hizo, ule mstari wa ankara uliokuwa bubu unaanza kusema.

Uchukue uamuzi mmoja tu kati ya hayo, ule wa mtandao wa faragha. Fundi anayeunda hifadhidata kwa mkono hana budi kukumbuka kuzuia ufikiaji wa umma, kuchagua sehemu sahihi ya mtandao, na kuandika kanuni zinazotaja ni anwani zipi zinazoruhusiwa kuingia. Akiwa na haraka, na programu yake ikikataa kuunganishwa, jambo jepesi kuliko yote ni kuifungua kwa kila anwani duniani kwa nia ya kuja kuifunga baadaye. Nia hiyo ni njema, lakini kazi nyingine huja. Hifadhidata zilizoachwa wazi kwa namna hii zimekuwa chanzo cha uvujaji mwingi wa data duniani, na katika mengi ya matukio hayo hakukuwa na mdukuzi hodari. Mlango ulikuwa wazi tu. Katalogi haimfundishi fundi kuwa mwangalifu zaidi. Inamwondolea haja ya kuulizwa swali ambalo jibu lake linajulikana.

Mamlaka yanahama kutoka kwa mtu

Kuna jambo ambalo maelezo mengi hulipita haraka, nami naliona kuwa moyo wa mada yote. Bila katalogi, mtu akitaka kuunda hifadhidata lazima apewe mamlaka ya kuunda hifadhidata. Mamlaka hayo ni mapana: anayeweza kuunda moja ndogo mara nyingi anaweza pia kuunda kubwa, katika eneo lolote, kwa mipangilio yoyote, na wakati mwingine kuifuta ya mwenzake. Msimamizi hujaribu kuyabana kwa kuandika sera ndefu za ruhusa, sera hizo huwa ngumu kuzisoma, na mwishoni mtu mwenye shughuli nyingi huomba apewe ruhusa zote ili kazi iende.

Katalogi hukigeuza kisa hiki. Katika AWS Service Catalog, kwa mfano, msimamizi anaweza kuliambatanisha kila ingizo na jukumu maalumu, yaani utambulisho wa ndani ya mfumo usio wa mtu yeyote, lenye mamlaka ya kuunda rasilimali zinazohitajika, huku mtumiaji akipewa ruhusa moja tu: kulitumia ingizo hilo. Mhandisi hawezi kuunda hifadhidata. Anaweza kuomba hifadhidata ya majaribio kwa mfumo wa mizigo, na katalogi ndiyo inayoiunda kwa mamlaka yake. Mkaguzi akija, hana haja ya kupekua ruhusa za watu 40. Anasoma violezo vichache na kuona ni nani aliyeruhusiwa kuvitumia.

Faida hiyo ina gharama yake, na si haki kuificha. Kosa la fundi mmoja huharibu kitu kimoja, ilhali kosa lililomo ndani ya kiolezo hujirudia kila mara kinapotumika. Kwa hiyo kiolezo kinastahili kutunzwa kama programu yoyote muhimu inavyotunzwa: kiwekwe mahali panapohifadhi historia ya mabadiliko, kisomwe na mtu wa pili kabla ya kukubaliwa, na kijaribiwe katika akaunti isiyo na kitu cha thamani. Jukumu linalokitekeleza nalo libanwe lifanye kile tu kinachotajwa humo.

Fedha na sheria

Wiki ina saa 168. Ofisi inayofanya kazi saa kumi kwa siku, siku tano, inazitumia 50. Seva ya majaribio inayowaka usiku na mchana kwa hiyo hulipiwa saa 118 ambazo hakuna anayeitumia, na hiyo ni takriban asilimia 70 ya gharama ya kuiendesha, ingawa diski zake huendelea kulipiwa hata ikizimwa. Hesabu hii kila fundi anaijua. Kinachokosekana ni mtu wa kukumbuka kuizima kila jioni, na hakuna sababu ya jambo hilo kutegemea kumbukumbu ya mtu, kwa kuwa ratiba ya kuwasha na kuzima inaweza kuandikwa ndani ya kiolezo na kila seva ya majaribio ikazaliwa nayo.

Kwetu kuna suala la ziada la sarafu. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilibadilishwa kwa takriban shilingi 124. Mwanzoni mwa 2024 ilivuka 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka karibu na 130. Kampuni iliyotumia seva zilezile bila kuongeza hata moja iliona bili yake kwa shilingi ikipanda kwa zaidi ya robo, kisha ikishuka. Ndiyo maana ninashauri makadirio katika katalogi yaandikwe kwa shilingi, pamoja na kiwango cha ubadilishaji kilichotumika na tarehe yake. Meneja anayeidhinisha bajeti ya mradi Changamwe hafikirii kwa senti za dola kwa saa, na bei asiyoielewa haimsaidii kuamua.

Upande wa sheria ni mzito zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaweka masharti ya kuhamisha data za kibinafsi nje ya Kenya, na masharti hayo ni makali zaidi kwa data nyeti, zikiwemo za afya. Sheria hiyohiyo inamtaka mdhibiti wa data, yaani anayeamua data zitumike kwa kazi gani na kwa njia ipi, kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu agundue uvunjaji wa usalama unaoweza kuwaletea wahusika madhara. Sasa tazama ramani. Microsoft ilifungua vituo vyake vya kwanza vya wingu barani Afrika mwaka 2019, Johannesburg na Cape Town. AWS ikaja Cape Town mwaka 2020. Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024. Zahanati ya Likoni inayoweka rekodi za wagonjwa katika eneo lolote kati ya hayo imezitoa nje ya nchi, na anayechagua eneo kwenye menyu ya chaguo nyingi, ambamo Ulaya na Marekani zimo pia, huwa anafanya uamuzi wa kisheria, ajue asijue.

Uamuzi wa namna hiyo haufai kuachiwa mtu anayejaza fomu. Wakili na afisa wa ulinzi wa data wakae na wahandisi mara moja, waamue data za aina gani zinaweza kwenda wapi na kwa msingi upi, kisha katalogi iwe na maingizo mawili tofauti: hifadhi ya data za kawaida, na hifadhi ya data nyeti. Ingizo la pili liwe na eneo moja tu lililokubaliwa, usimbaji usioweza kuzimwa, na kumbukumbu za kila aliyezisoma. Saa 72 ni muda mfupi sana kwa shirika ambalo linalazimika kwanza kutafuta data zilikuwa wapi na nani aliziweka. Kwa shirika lenye lebo na wamiliki waliotajwa, maswali hayo mawili yana majibu kabla ya saa ya kwanza kwisha.

Inavyozeeka na inavyoharibika

Katalogi nyingi haziangushwi na teknolojia. Huanguka kwa sababu zinaachwa. Kikosi huandika maingizo kwa shauku, mwaka unapita, mfumo endeshi uliomo ndani ya kiolezo umekwisha kuacha kupokea marekebisho ya usalama, na wahandisi wameanza kuomba ruhusa za kuunda vitu kwa mkono kwa sababu kilicho katika katalogi hakiwafai. Katalogi iliyochakaa ni mbaya kuliko kukosa katalogi, kwa sababu inaendelea kubeba muhuri wa kuaminiwa.

Hapa pana jambo la kiufundi linalowashangaza wengi. Kiolezo kikirekebishwa na kutolewa kwa toleo jipya, vitu vilivyoundwa kwa toleo la zamani havibadiliki vyenyewe. Vinabaki vilivyo mpaka mtu avisasishe kimoja kimoja, au kwa mpango. Basi mmiliki wa ingizo ana wajibu ambao hauishi siku ya uzinduzi: ajue ni wangapi wanatumia toleo gani, awaarifu, awape muda, na awasaidie kuhama. Vilevile kuna vitu vilivyoundwa vizuri kupitia katalogi kisha vikabadilishwa kwa mkono, mpaka hali halisi ikatofautiana na kiolezo. Zana nyingi zinaweza kuitambua tofauti hiyo, lakini ni lazima awepo mtu wa kuisoma taarifa yake na kuamua kama kiolezo kifuate mabadiliko au mabadiliko yarudishwe.

Hatari nyingine ni kuongeza idhini kila mahali. Mara tu katalogi inapopata umaarufu, kila idara hutaka sahihi yake iwemo, na baada ya muda ombi la seva ya siku 14 linasubiri watu watatu. Msimamo wangu hapa ni mkali: ikiwa jibu la ombi fulani huwa ni ndiyo daima, idhini hiyo ifutwe na mipaka yake iandikwe ndani ya kiolezo. Sahihi ya binadamu ibaki pale penye uamuzi wa kweli, kama vile mfumo utakaopokea malipo ya wateja, hifadhi ya data nyeti, au gharama inayovuka kiwango kilichokubaliwa.

Kwa vikosi vidogo

Msomaji mwenye kikosi cha watu wawili au watatu anaweza kudhani haya ni ya mabenki na kampuni kubwa za simu. Sivyo. Kikosi kidogo ndicho kinachoumia zaidi fundi mmoja anapoondoka na maarifa yote kichwani mwake. Hakihitaji kununua mfumo wowote. Hazina moja ya Git, mfumo unaohifadhi mafaili na historia ya mabadiliko yake, yenye violezo vitatu vya Terraform, ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi unaoeleza kila kiolezo ni cha nini, na kanuni kwamba hakuna kinachoundwa pasipo lebo, hiyo tayari ni katalogi. Ukurasa huo uandikwe na anayewafahamu watakaousoma. Karani wa hati asielekezwe kwa istilahi ambazo hata fundi mpya hazijui.

Kuhusu pa kuanzia, maombi yenyewe ndiyo yaongoze. Soma maombi ya miezi michache iliyopita, iwe ni barua pepe au ujumbe wa WhatsApp, na uone ni mambo gani yanarudi. Kwa kawaida ni machache: seva ya majaribio, hifadhidata, mahali pa kuweka mafaili. Anza na lile linaloombwa zaidi, lipe mmiliki mwenye jina, na uliache litumike kabla ya kuongeza la pili. Orodha ya maingizo 50 ambayo hakuna anayeyatunza huwachosha watumiaji kama ile ya mtoa huduma ilivyowachosha, na kuondoa ingizo lisilotumika ni kazi halali ya mmiliki: litangazwe kuwa linakwisha, lifungwe kwa maombi mapya, waliobaki wahamishwe, kisha liondolewe.

Vipimo viwili vinatosha kujua kama katalogi inafanya kazi. Cha kwanza ni muda kati ya ombi na kitu kuwa tayari kutumika. Cha pili ni sehemu ya ankara ya mwezi inayotokana na vitu visivyopitia katalogi. Muda ukirefuka, ujue idhini zimejaa mno au kiolezo kina kasoro. Sehemu ya nje ya katalogi ikikua, ujue kuna hitaji ambalo katalogi haijalijibu, na waulizwe walioiruka wanachokitafuta kabla hawajaandikiwa barua za onyo.